Swali la Vifungo

Nianze kwa kukiri kwamba hasira zangu ziko karibu. Wateja wangu wanalijua hilo, na mashine yangu ya fotokopi inalijua zaidi, maana ndiyo ninayoipiga makofi karatasi zikikwama. Wifi yangu husema ningekuwa pasi, ningeshaunguza nguo za mtaa mzima. Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo mifano yake yote huanzia kwenye nguo na kuishia huko huko.

Tunaishi pamoja, mimi na wifi. Kaka yangu, aliyekuwa mumewe, alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita, na watu wakadhani tutagawana vyombo kila mtu ashike njia yake. Hatukugawana hata kijiko. Chumba cha mbele kina mashine yangu upande wa kushoto na cherehani yake upande wa kulia, na katikati tumeacha njia ya kupita mteja mmoja, tena awe mwembamba.

Mwaka huu wifi aliugua saratani ya utumbo mpana. Alipasuliwa, kidonda kikapona, kisha daktari akampangia dripu kumi na mbili za dawa, moja kila baada ya wiki mbili, katika hospitali kuu ya mkoa, mwendo wa saa tatu kwa basi. Alikwisha kumaliza saba. Zilibaki tano. Hiyo tano ndiyo hesabu niliyokuwa nikilala nayo na kuamka nayo.

Baada ya dripu ya sita, vidole vyake vilianza kufa ganzi. Kwanza akawa anaangusha sindano, yeye ambaye ana miaka ishirini na minane kwenye kazi hiyo, akawa anaziokota sakafuni kwa sumaku. Kisha akaanza kuwashawishi wateja waache vifungo, waweke zipu, eti ndiyo mtindo. Halafu asubuhi moja nikamkuta mbele ya kioo, blauzi iko wazi, anahangaika na kifungo cha kwanza na jasho linamtoka.

"Toka," akaniambia.

Nikatoka. Tangu siku hiyo akawa anavaa magauni mapana ya kutumbukiza kichwani, yasiyo na kifungo wala zipu. Jioni, tukiwa tunafunga madirisha, akasema bila kunitazama, "Wifi, nikimaliza hii ya nane, basi. Siendi tena."

"Daktari amesema kumi na mbili."

"Daktari anashona?"

"Basi mweleze habari za vidole. Labda kuna namna."

"Nimweleze nini? Pale kuna wenzangu wamelala hawajiwezi hata kugeuka, mimi niende kulilia vidole? Na wewe ukithubutu kufungua mdomo, utanitafuta hunioni humu ndani. Niapie."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia.

"Na mropokaji huumbuliwa na mdomo wake," akajibu. Hiyo aliitunga pale pale, lakini aliisema kwa uso mkavu. Nikaapa. Nilifanya kosa, lakini niliapa, na mimi kiapo sikivunji.

Sasa, hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Siku moja kabla ya dripu, muuguzi humpigia mgonjwa simu kumjulia hali, ili kama kuna shida daktari aijue mapema. Utaratibu mzuri, huwezi kuulaumu. Jumatatu ile kabla ya dripu ya saba, hata kabla sijaapa, nilikuwa nimekaa karibu na wifi simu ilipoita. Akaishika kwa viganja viwili, kama mtu anayeshika bakuli la moto, kwa sababu vidole havikuwa vinakamata.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Unaendeleaje?"

"Vizuri, tunamshukuru Mungu."

"Hakuna tatizo lolote?"

"Hakuna, mwanangu. Asante kwa kunikumbuka."

Simu ikakatwa. Mimi nikaenda kuipiga makofi mashine ya fotokopi, na haikuwa imekwama.

Miezi miwili kabla ya hapo hospitali ilikuwa imetangaza kwamba inaunda kamati ya kuboresha huduma za saratani za mkoa, na inataka ndani yake mgonjwa mmoja na mmoja kati ya sisi tunaouguza. Palikuwa na fomu. Fomu ndiyo riziki yangu. Nikaijaza vizuri, nikachaguliwa. Mgonjwa aliyechaguliwa alikuwa mzee mmoja mrefu, tarishi mstaafu, mtu wa suti iliyopigwa pasi na adabu ya kizamani. Tukawekwa mwisho wa meza, mbali na wakubwa. Katika vikao viwili vya kwanza tuliambiwa karibuni, tukaambiwa asanteni, na katikati tukanywa maji ya chupa.

Kikao cha tatu, siku chache baada ya dripu ya saba, kiliendeshwa na daktari bingwa mwenyewe, ambaye wiki hiyo alikuwa ameteleza kwenye ngazi na mguu wake mmoja ulikuwa na plasta nyeupe hadi gotini. Akawasha projekta, akatuonyesha hesabu ukutani. Simu mia mbili na arobaini zilikuwa zimepigwa. Wagonjwa mia mbili thelathini na moja walisema hawana tatizo lolote.

"Kwa hiyo," akasema, "pendekezo ni kusimamisha simu hizi. Wagonjwa wetu wanaendelea vizuri. Muuguzi wetu tumhamishie mapokezi, kuna foleni ndefu."

Nikapandwa na mori. Nilijua kabisa kwamba wifi yangu ni mmoja wa wale mia mbili thelathini na moja. Nilisimama hata sijui nimesimamaje.

"Huo ni uongo! Binti, wewe unazijaza hizo karatasi kabla ya kupiga simu au baada?"

Muuguzi wa simu alikuwa amekaa karibu na dirisha, mwanamke wa miaka kama thelathini, na daftari lake mapajani. Macho yakamjaa machozi, lakini sauti yake haikutetereka.

"Mama, mimi nauliza nilichoandikiwa kuuliza, na naandika ninachojibiwa."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilimsikia wifi akimjibu kwa masikio yangu haya. Nikaona haya, uso ukawaka, nikatamani sakafu ipasuke. Wakubwa wote wakaangalia makaratasi yao. Nilikuwa na njia mbili tu, kukaa au kuendelea, na mimi kukaa sijui.

"Nisamehe, binti," nikasema. "Kosa si lako. Ngoja niwaonyeshe kosa liko wapi." Nikamgeukia tarishi. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo kabisa."

"Habari za afya?"

"Njema, ahsante sana."

"Jana ulikula nini?"

Mzee akarekebisha tai. "Jana," akasema, "kwa kweli jana sikula. Wala juzi. Mdomo umejaa vidonda, hata maji yananichoma. Ile chupa ya kikao kilichopita niliishika tu, sikunywa."

Muuguzi wa simu akafungua daftari, akapekua kurasa, akakuta jina lake. "Nilikupigia juzi, mzee," akasema taratibu. "Ukaniambia hakuna tatizo."

"Mwanangu, ulinisalimia vizuri. Ningewezaje kukujibu vibaya?"

Nikamgeukia daktari bingwa. "Na wewe, daktari, habari za mguu?"

"Nzuri, nzuri," akajibu haraka, kisha akautazama ule mguu wake mnene juu ya kiti. Mfamasia aliyekaa kando yake ndiye aliyeanza kucheka, halafu meza nzima, na daktari mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Nikawaeleza jambo ninaloliona kila siku dukani. Mtu anakuja mkono umefungwa bendeji, ninamwuliza habari, anasema salama. Ninampa fomu, anaweka alama ya "hapana" toka juu mpaka chini kwa pumzi moja, kama anayepaka rangi ukuta. Hadanganyi. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba salamu hujibiwa kwa heri, na matatizo yanakuja baadaye, mtu akikaa. Sasa kwenye simu ya dakika mbili, hakuna anayekaa.

Daktari hakuzisimamisha simu. Alitupa wiki moja, mimi, tarishi na muuguzi wa simu, tuandike maswali mapya. Tulikutana katika chumba kidogo nyuma ya famasia, katikati ya maboksi ya glavu, na mzee sasa ana dawa ya kusukutua mdomoni na maneno yamemrudi. Kanuni yetu ilikuwa moja: swali lolote linaloweza kujibiwa kwa "nzuri" linafutwa. Tukaandika: Jana ulikula nini? Uliamka mara ngapi kwenda chooni? Ulitoka nje ya nyumba, ukafika wapi? Mzee akaongeza: Ni kitu gani ulikuwa unakifanya mwezi uliopita na sasa hukifanyi? Lilikuwa swali zuri kuliko yote, nikamwambia, na akajifanya hakusikia ili nirudie.

Nikasema, "Wekeni na hili. Nguo uliyovaa leo, ulifunga vifungo mwenyewe?"

"Kwa nini vifungo?" akauliza muuguzi.

Nilikuwa nimeapa. "Wewe weka tu."

Alinitazama, kisha akaandika. Hakuuliza tena. Siku hiyo ndipo nilipoanza kumpenda.

Jumatatu ya kabla ya dripu ya nane ikafika. Wifi alikuwa kwenye kiti chake, cherehani imefunikwa kitambaa, kwani wiki nzima hakuwa ameshona. Mimi nilijitia kazini, ninapanga rimu moja ya karatasi ambayo tayari ilikuwa imepangwa. Simu ikaita. Akaibana kwa viganja, akaiweka mezani, akaifungulia sauti.

Salamu zikaenda zilivyozoea kwenda. Kisha muuguzi akauliza jana alikula nini, naye akataja wali na maharage, na ilikuwa kweli. Akauliza habari za choo, akajibiwa.

"Mama, nguo uliyovaa leo, umefunga vifungo mwenyewe?"

Wifi akanitupia jicho, jicho la kupima nguo isiyokaa sawa. Mimi nikahesabu karatasi.

"Hii haina vifungo, mwanangu," akasema, na nikaona amejipongeza.

"Haya. Na kwa nini umechagua isiyo na vifungo?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi yetu. Lilimtoka muuguzi mwenyewe. Wifi akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia tangu tulipomzika kaka yangu, na hata siku ile alilia kidogo, kwa ustaarabu. Safari hii alilia kama mtoto.

"Sivisikii vidole vyangu," akasema. "Mimi fundi. Sisikii kitambaa. Sisikii hata sindano ikinichoma, naona damu tu. Nataka kuacha dawa, mwanangu. Bora nife na mikono yangu."

Muuguzi hakumkemea wala hakumwambia ajikaze. Alimwambia ni vema amesema sasa. Akamwomba asikate simu, na baada ya muda mfupi tukasikia sauti ya daktari bingwa, na gongo lake likigonga sakafu. Akaeleza polepole. Katika ile dripu mna dawa zaidi ya moja, na ganzi inatokana na mojawapo tu. Hiyo wataiondoa kesho, zile nyingine zitaendelea. Vidole huenda vikarudi taratibu, kwa miezi, ingawa hakuahidi kwamba vitarudi vyote. "Ila tungeendelea hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, mama," akasema, "pengine visingerudi kabisa."

"Kumbe lilikuwa jambo la kusema tu," wifi akasema.

"La kusema, na la kuulizwa," daktari akajibu. "La pili lilikuwa letu."

Nilikuwa nimekaa juu ya rimu ya karatasi, tukilia mimi naye. Muuguzi akarudi kwenye simu.

"Mama, mpe simu wifi yako. Kuna ukurasa wa mwisho."

"Hakuna ukurasa wa mwisho," nikasema kutoka kule nilikokuwa. "Kopi nilizitoa mwenyewe, na swali la mwisho ni la mzee."

"Upo. Tuliuongeza mimi na mzee ulipoondoka. Ni wa wanaouguza. Unaendeleaje, mama?"

"Mimi? Mzima kabisa, mimi sina neno."

Wifi alikuwa anajifuta uso kwa upindo wa gauni lake. Akainua kichwa, akanitazama, macho mekundu, na kile kicheko chake cha chini chini nilichokuwa nimekikosa tangu dripu ya sita kikaanza kumtoka.

"Mimi zimebaki tano," akasema, "na zote nitazimaliza. Sasa na wewe jibu vizuri. Jana ulikula nini?"

Nikataka kukasirika, nikakuta hasira hazipo. Nikawaambia nilikunywa chai asubuhi, na baada ya hapo sikumbuki.