Mashati Arobaini Yasiyo na Mfuko

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Fundi aliitilia cherehani yake mafuta. Tone moja kwenye gurudumu, tone la pili penye sindano, tone la tatu kwenye pedali. Kisha alilizungusha gurudumu kwa mkono, sikio limeinama, mpaka likaacha kulalamika. Jumamosi ile alikuwa kwenye tone la pili mlango uliposukumwa, na gunia likatua juu ya meza ya kukatia, puu!

"Fundi," alisema matroni wa shule ya bweni, akihema, "watoto wangu kalamu wataziweka wapi? Masikioni?"

Fundi hakuelewa. Alitoa shati la juu gunini, akalikung'uta. Kola ilikaa sawa. Vifungo vilinyooka. Mshono ulikuwa maradufu, hata ng'ombe wawili wasingeuachanisha. Akaligeuza nyuma, akalirudisha mbele.

"Mfuko," matroni akasema taratibu, kama anayesema na mgonjwa. "Shati la shule lina mfuko kifuani. Nimeletewa mashati arobaini, mfuko hata wa dawa hakuna. Na watoto wanaingia kesho! Saa kumi na mbili jioni naleta gari."

Akatoka. Fundi akabaki na shati mkononi, uso unamwaka.

Mikono yake ndiyo iliyomponza. Kwa miaka saba mikono hiyo ilishona sare za wafungwa, na sare ya mfungwa haina mfuko, kwa kuwa mfuko huficha vitu. Mgongo, vifua viwili, mikono miwili, kola, basi. Shona, kunja, weka. Alifungwa kwa wizi wa duka la vitambaa alilokuwa hajawahi hata kuingia, kwa sababu shahidi mmoja alimwona gizani mtu mwenye futi ya kupimia shingoni. Mwizi mwenyewe alipokamatwa kwa kosa jingine akaeleza yote, majaji wakaifuta hukumu, na Fundi akatoka na karatasi moja ya kurasa mbili. Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Akili ilikuwa imeshatoka gerezani. Mikono ilikuwa bado haijasomewa hukumu mpya.

Na mifuko ilikuwepo! Mlingoti, mshonaji mwenzake wa dukani, aliikata yote arobaini, akaifunga kwa uzi. Fundi aliiona, akadhani ni mabaki, akaitia kwenye kiroba cha vipande. Wala asingeweza kuuliza. Ni yeye mwenyewe aliyesema siku kazi ilipoingia, "Hii nashona mimi. Asiguse mtu." Alipomaliza akayakunja mwenyewe, akayafunga mwenyewe, na mkewe, kwa kumstahi, akayapeleka shuleni bila kufungua.

Alitaka Mlingoti aone fundi ni nani. Sasa Mlingoti angeona.

Mlingoti alikuwa mrefu hivyo kweli, na mlango wa duka ulimlazimu kuinama kila siku kama anayeomba radhi. Alikuja kutafuta kazi mwaka wa pili wa kifungo, wakati mke wa Fundi alikuwa amezidiwa na oda na mtoto mgongoni. Akapewa cherehani iliyokuwa imekaa bure, hii hii ya Fundi. Fundi aliporudi, alikuta kiti chake kimeongezwa miguu kwa vipande vya mbao. Aliving'oa siku ya kwanza. Mlingoti akahamia cherehani ya dirishani, magoti yakigonga meza, wala hakusema neno.

Na ni huko kutosema kulikomchoma Fundi. Mtu mbaya ungepata pa kumshika.

Walipoingia, mke na binti yao na Mlingoti nyuma akiinama, mke alilitazama gunia, akalitazama shati, akaelewa. Hakuuliza. Alikiendea kiroba cha vipande na kuanza kuchakura.

"Iko hapa," akasema. "Mlingoti, washa pasi."

"Imeshawaka, shemeji."

"Lini?"

"Nilipomwona matroni njiani anatembea kama anakwenda kupigana."

Mke akacheka. Na hapo ikaanza kazi ambayo Fundi hakuwa na nafasi ndani yake. Mke alikunja kingo za mfuko na kuupiga pasi, Mlingoti akaubandika kifuani na kuushona. Hawakuelekezana. Mlingoti alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mke akautia mfuko kwenye kiganja, bila kugeuka naye. Mkono ulinyooshwa, mfuko ukatiwa. Mkasi ulipotakiwa, ulikuwa umeshafika. Fundi alikuwa na mwanamke huyu miaka minne kabla ya kufungwa, wakishona mgongo kwa mgongo, na hawakuwahi kufika hapo.

Yeye alipewa kazi ya kukata nyuzi.

Binti yao, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Chiriku, alikuwa akihesabu mashati yaliyokamilika. Alikuwa na mwaka mmoja baba yake alipochukuliwa. Sasa alikuwa na minane, na bado alimwamkia kama mtu anayemwamkia mwalimu.

"Kumi na moja," Chiriku alisema. "Baba mdogo, leo ni kama ile siku ya jino!"

Mlingoti akapasuka kicheko. "Usinikumbushe! Nilitafuta jino kwenye vifungo mpaka magoti yakaota sugu."

"Na mteja ameshavaa koti!" mke akadakia, akifuta machozi ya kicheko kwa ukosi wa gauni.

"Na jino limo!" akamalizia Chiriku, na wote watatu wakainama kwa kucheka.

Fundi akatabasamu, kwa kuwa uso lazima ufanye kitu. Jino gani? Koti la nani? Na baba mdogo! Baba mdogo ni ndugu wa baba. Yeye ndugu hana. Nani alimgawia mtu huyu undugu wakati mwenyewe hayupo?

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na huenda aliyesema kwanza alikuwa fundi nguo. Fundi aliuweka mkasi chini.

"Mlingoti."

"Naam, kaka."

"Kesho usije. Kuanzia kesho. Mimi nipo sasa."

Cherehani ya dirishani ikanyamaza. Mlingoti alimtazama Fundi, kisha akaitazama sakafu. Alimalizia kona ya mfuko uliokuwa chini ya sindano, akafunga uzi, akalikunja shati na kuliweka juu ya mengine. Kisha akainama mlangoni, akaenda.

"Baba mdogo! Chai yako!" Chiriku akaita. Alipoona hageuki, akamgeukia baba yake kwa macho ambayo Fundi alikuwa ameyazoea kwa watu wengine, macho ya mtu anayejiuliza kama kweli ulifanya lile ulilosingiziwa. Akakimbilia uani.

Mke aliendelea kupiga pasi.

"Sema basi," Fundi akasema.

"Niseme nini? Duka lako."

"Alikuwa nani kwako?"

Pasi ikasimama.

"Mwaka wa nne," mke akasema, "aliniomba nimkubalie. Rufaa yako ilikuwa imetupwa mara ya pili. Nikamwambia anipe siku tatu. Siku ya tatu nikamwambia hapana. Akasema, sawa shemeji, kesho tuna sare za wauguzi, nije saa ngapi? Akaja. Hajalirudia neno hilo mpaka leo."

"Siku tatu."

"Siku tatu, Baba Chiriku. Sitakudanganya."

"Ulikuwa unafikiria nini siku tatu nzima?"

"Kwamba nimechoka." Sauti yake haikupanda. "Wewe walikufunga miaka saba kwa jambo ambalo hukulifanya. Na mimi unataka kunifunga kwa jambo ambalo sikulifanya? Haya, nifunge. Lakini yule umemhukumu hata hujamuuliza. Wewe, kati ya watu wote!"

Fundi alikaa kwenye kiti chake kifupi.

"Mashati ishirini na nane yamebaki," mke akasema. "Nikiwa peke yangu siwezi, na mikono yako bado haijazoea mfuko. Nenda kamrudishe. Usimtume mtoto, wala usiseme nimekutuma mimi."

Akaenda. Njiani watu walimpungia. "Fundi! Tulijua tu huna hatia!" Aliwaitikia. Alikuwa akitafuta la kusema, na kila alilolipata lilikuwa zuri na la uongo. Angesema mashati hayatawahi. Angesema Chiriku analia. Angesema ulikuwa utani tu, si unajua sisi mafundi.

Mlingoti alikaa chumba cha mwisho katika nyumba ya kupanga. Alikuwa uani, amechutama mbele ya beseni, akifua soksi kwa nguvu za mtu mwenye la kufikiri. Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo alipaza sauti, "Mlingoti, mgeni!" kisha akabaki pale pale akianika khanga moja muda mrefu kupita kiasi.

"Karibu, kaka," Mlingoti alisema bila kusimama. "Umesema kuanzia kesho. Leo nilikuwa nimalizie, ila miguu ilitangulia."

"Mashati hayatawahi," Fundi akasema.

"Naam."

"Matroni yule mkali."

"Mkali, ndiyo."

Soksi ikachovywa, ikakamuliwa. Fundi aliona kwamba mtu huyu angerudi hata kwa uongo huo. Angesimama, angejifuta mikono, angeinama mlangoni, na wangeshona mpaka uzee wao bila kusema. Na yeye angeendelea kutabasamu kwenye vichekesho asivyovijua.

"Hapana," akasema. "Si mashati. Nimejua kuhusu zile siku tatu, na si hizo pia." Jirani alikuwa ameacha hata kujifanya anaanika. "Nakuonea wivu, Mlingoti. Wivu unanila mpaka silali. Ile miaka walininyang'anya mimi, wakakupa wewe, na wewe hukuiba. Uliishi tu. Mke wangu alicheka, ukamsikia. Mwanangu alikua, ukamwona. Nataka uondoke nisikuone tena, na nataka urudi, kwa kuwa huna hatia, na kwa kuwa nikikufukuza hakuna mwingine wa kunisimulia. Rudi tushone. Na tukishona nisimulie, tangu siku uliyofika, hata ya kuniuma. Usiruke kitu."

Mlingoti akaiacha soksi kwenye beseni, akasimama, akasema, "Basi tuanze na lile jino, kaka."