Moto wa Matanga

Mwaka huo wa vita tulipomzika kaka yangu Rwema, serikali ilikuwa imekataza watu kukaa nje baada ya giza kuingia. Basi moto wa matanga, ambao kwetu huwashwa uani, tukauwasha sebuleni, kwenye meko ya nyumba yake mtaani Kiyovu, madirisha yamefungwa. Kuni zilikuwa vipande vya nguzo za simu, zilezile ambazo Rwema aliota moto wake msimu mzima wa baridi.

Moto ukawaka kijani. Macho yakatuwasha, tukasema ni uchungu wa msiba.

Kisha tukamsikia Rwema akikohoa, kikohozi kilekile kikavu kilichommaliza.

"Amerudi," wazee wakanong'ona.

Nikageuka. Aliyekohoa ni mjane wake, Mukunde.

Nikanusa kuni moja. Ilinuka dawa, ile inayopakwa nguzo ili zisiliwe na mchwa. Kumbe mchwa wametushinda akili!

Nikanyakua ndoo ya maji. Wazee wakanishika mikono: moto wa matanga hauzimwi kabla ya siku zake kwisha.

"Uache uwake, wifi," akasema Mukunde huku akikohoa, akaongeza kuni nyingine. "Rwema hakupenda baridi."