Sinia la Watu Sita

"Hiyo dawa simezi," alisema Zuleika. "Hata ukinifunga kwenye nguzo."

"Humu ndani hakuna nguzo. Utaimeza kwa maji kama watu wote."

"Kwani naumwa nini, Mama?"

"Hicho ndicho watafiti wanachotafuta. Miezi minane umeongezeka kilo kumi na moja, na chakula unachokula ni kidogo. Soma karatasi."

"Karatasi umeandika wewe!"

Kweli, niliandika mimi. Mimi ni mtunza stoo wa shule moja Bugolobi, nina stashahada, na mizani naiamini kuliko mdomo wa mtu. Watafiti walipofika kwetu Makindye mwaka jana kutafuta familia za kuchunguza kwa nini watu wananenepa na unene unawafanya nini, nilijiandikisha siku hiyohiyo. Walituachia mizani ya jikoni. Sisi Wanubi tunakula kwenye sinia moja, hakuna sahani ya mtu. Kwa hiyo napima chakula chote, naandika idadi ya walaji, na watafiti wanagawanya kilo kwa idadi hiyo. Kila Ijumaa nawatumia picha za karatasi kwa simu.

Kwa hesabu hiyo Zuleika, mwenye miaka kumi na sita, alikuwa anakula kama ndege. Daktari Opoka, mkuu wa watafiti, alisema basi tatizo liko ndani ya mwili, aingizwe kwenye kundi la dawa ya majaribio. Saa nane Aloyo, msaidizi wake, angeleta fomu niweke sahihi.

"Mwacheni mtoto anenepe," alisema mama mkwe wangu Maimunah, tunayemwita Haboba, yaani bibi, akikaa mkekani. "Mwanamke mifupa ni wa nini? Wa kupiga ngoma?"

"Haboba, hii ni sayansi."

"Sayansi ile kwanza. Chakula kinapoa."

Niliweka sinia katikati. Posho, yaani ugali, samaki wawili wa ngege kutoka Ggaba, mchuzi. Kilo tatu kamili. Wanangu mapacha, Kamis na Mubaraka, walinawa wakakaa. Niliandika kilo, nikaandika walaji: 6.

Zuleika aliweka kidole juu ya ile sita.

"Tuhesabu, Mama."

"Kula."

"Haboba. Kamis. Mubaraka. Wewe. Mimi." Alihesabu polepole, kama anamfundisha mtoto. "Wa sita nani?"

Kamis alitazama mchuzi.

"Na hapa nilipokaa ni upande wa nani?"

"Wako."

"Tangu lini?"

Tangu tulipomzika Abubaker, baba yao; upande ule ulikuwa wake. Miezi minane. Sikulia wakati ule. Siku ya nne nilirudi stoo, na jioni nikaandika sita, kwa sababu sufuria ni ya watu sita na unga ni vikombe sita. Watafiti hawakuuliza, nami sikusema.

"Nyote mnasukuma chakula upande huu," alisema Zuleika. "Haboba anasukuma. Hata hawa wadogo. Nikikiacha, Haboba anaona nimekitupa chakula cha Baba. Angalia mkono wako, Mama."

Niliangalia. Vidole vyangu vilikuwa vimeshika nyama ya tumbo la ngege, ile aliyoipenda Abubaker, na vilikuwa vimeshafika mbele ya Zuleika. Sikukumbuka kuimega.

Niliitazama tu. Haboba alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Mimi sikuhisi kitu, isipokuwa mchuzi uliokuwa unapoa kwenye vidole.

"Hodi!" Aloyo alikuwa mlangoni kabla ya saa yake, fomu mkononi. "Nyabo," aliniita kwa heshima, "nimewahi. Ni sahihi moja tu."

"Karibu. Siweki sahihi."

"Daktari atauliza kwa nini."

"Mwambie namba zangu ni za uongo. Mtoto anakula mafungu mawili, lake na la marehemu. Hana ugonjwa wowote wa kutafutiwa kidonge."

"Marehemu gani?"

Nilinawa mikono, nikaleta faili. Kwenye orodha ya familia, mstari wa kwanza, nilikata jina la Abubaker kwa rula, nikaandika pembeni tarehe aliyofariki. Kisha nikafungua karatasi za wiki ya mazishi na kuanza kukata sita, moja baada ya nyingine, naandika tano. Aloyo alivua viatu akakaa kunisubiri.

"Zuleika," nilisema bila kuinua kichwa, "sogea kwa Haboba. Kamis, geuza sinia, hicho kilichorundikana tule wote."

Alisogea. Sinia likageuzwa. Nikafungua ukurasa uliofuata.