Mikono Iliyoganda Nyuma ya Lango

Usingizi ulimchukua Sikudhani mchana kweupe, kichwa kikiwa juu ya meza ya ofisi na ghadhabu bado haijamtoka. Tangu asubuhi alikuwa akihangaika na tovuti aliyoitengeneza miaka kumi na miwili nyuma kwa ajili ya shule ya viziwi: masomo mia mbili, na katika kila somo mwanamke aliyemchora mwenyewe akionyesha neno kwa mikono. Michoro ile ilichezeshwa na programu ya zamani ambayo vivinjari vipya vya intaneti vimeacha kuitambua. Mwalimu Kijoli wa shule hiyo alimwandikia kwamba wanafunzi sasa wanaona kisanduku cheupe tu. Elifuraha, mwenzake wa ofisini, aliposema, "Dada Siku, nilikwambia tuyahamishe masomo haya kwenye programu mpya mapema," Sikudhani alimkatiza: "Niache! Kila mwaka mnaleta kipya, cha jana mnakiita takataka."

Basi ndotoni akajikuta katika nchi ambayo barabara zake zilichongwa mbele ya nyayo zake na kufukiwa nyuma kabla hajageuka. Mafundi wa huko, wakisimamiwa na bwana mwembamba aitwaye Haraka, walikuwa waking'oa milango ambayo rangi yake haijakauka na kupachika mingine. "Huo una kasoro gani?" aliuliza Sikudhani. "Ni wa jana," alijibu Haraka, wala hakusimama. Sikudhani alitamani kumrushia jiwe. Ndipo akatokea mama mmoja mwenye macho matulivu, akamshika mkono. "Naitwa Insafu, mwenye kumpa kila mtu haki yake," alisema. "Usiimalize hasira yako yote hapa. Yuko mwingine hujamwona."

Wakafika kwenye lango la chuma lililoliwa na kutu. Nyuma yake alisimama yule mwanamke wa michoro, mikono imeganda hewani katikati ya neno, na mbele yake watoto wameketi kimya wakisubiri neno liishe. Sikudhani alivitikisa vyuma hadi viganja vikachubuka.

"Kafunga huyo Haraka!"

"Haraka hana ufunguo wa hapa," alisema Insafu. "Mlinzi ni Ukaidi. Muulize."

Mlinzi akageuka. Alikuwa na sura ya Sikudhani, hata miwani. "Maonyo kwamba programu yetu itaachwa yalikuja miaka mitatu mfululizo," alisema kwa majivuno, "nikayarudisha yote. Kazi yetu haiguswi na mtu."

"Lakini watoto wanasubiri!"

"Na wasubiri. Kazi ni nzuri."

Insafu akasema taratibu, "Haraka ana makosa yake, nayo yatamrudia. Lakini zana huzeeka, mwanangu, hakuna aliyeahidiwa vinginevyo. Wewe ulipenda programu, au neno lililo mikononi mwa huyu mama?"

Sikudhani alimrukia mlinzi, akamng'oa ufunguo shingoni. Mlinzi akapiga ukelele kwa sauti yake Sikudhani mwenyewe, na sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha.

Aliinua kichwa, shavu likiwa na alama za vitufe vya kompyuta. Bado alimchukia Haraka, wala hakuona sababu ya kuacha. Lakini miaka ile mitatu ya kukataa maonyo haikuwa kosa la Haraka. Aliinuka, akaenda kwenye meza ya Elifuraha.

"Nionyeshe hicho kipya chako."

Elifuraha alimtazama kwa hofu kidogo. "Sawa, dada. Ila mikono itabidi uichore upya."

"Yote?"

"Masomo yote mia mbili."

Sikudhani aliuma meno, akatukana kimoyomoyo, akavuta kiti.