Fizi za Fundi Mwinyimvua

Fundi Mwinyimvua, mshona kanzu wa Kariakoo, aliingia kwa daktari wa meno akiwa ameshakata shauri: jino la mbele la chini ling'olewe. Lilikuwa likicheza tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na kila alfajiri akipiga mswaki alitema damu. Kaka zake wawili walikuwa vibogoyo kabla ya kutimiza miaka hamsini. Naye alishajihesabu wa tatu.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema daktari Joyceline, binti wa Kichaga, rika la mwanawe wa kwanza.

"Marahaba. Ling'oe tu, binti yangu, nirudi kazini."

Joyceline hakugusa koleo. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakipenyeza taratibu kati ya fizi na jino, jino moja baada ya jingine, huku akimtajia muuguzi namba. Mbili. Tatu. Mbili. Alipofika kwenye lile linalocheza alipima mara mbili.

"Tano," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Nimepima kutoka shingo ya jino hadi pale fizi inapolishika bado. Imeachia milimita tano. Ni ugonjwa wa fizi, na mfupa nao umeanza kuliwa. Lakini mzizi una pa kushikilia. Sing'oi."

"Kwani hupona?"

"Kilichopotea hakirudi chote. Kilichobaki tunaweza kukilinda."

Akampiga ganzi, akakwangua ukoga hadi chini ya fizi, siku hiyo upande mmoja, wiki iliyofuata upande wa pili. Akamfundisha upya kupiga mswaki na kupitisha uzi kati ya meno. Akamkataza na sigara, na hizo ndizo zilizomtesa. Aliziacha huku akinung'unika, na mkewe Husna akizitupa alizoficha.

Baada ya miezi mitatu Joyceline alipima tena. Kijiti kilitoka bila damu.

"Nne," alisema. "Na halichezi kama mwanzo."

Mwinyimvua alilisukuma jino kwa ulimi.

"Binti yangu, mimi mwenyewe nilikuomba uling'oe. Ungeling'oa, ningekushukuru nikaenda zangu, na mengine yangefuata."

"Kazi kubwa umeifanya wewe nyumbani, mzee wangu."

"Hata hivyo. Mungu akuzidishie."

Juma lililofuata alimpeleka Husna, ambaye hakuwa akiumwa chochote, akapimwe naye.