Wino wa Kijani

Karani wa masjala alibeba mafaili ya wizara miaka ishirini bila kuyasoma. Ndivyo alivyofundwa na mjomba wake, katibu mkuu wa zamani, aliyemtafutia kazi hiyo: faili hubebwa, halisomwi. Alipoamriwa kulipeleka mahakamani faili la mahojiano ya mahabusu, alilipeleka na kamba yake haijafunguliwa, roho kwatu.

Mjomba alikuwa kizimbani, suti imenyooka. Alishaapa kwamba mateso waliyatunga vijana wa chini, yeye hakuona karatasi hata moja. Karani alimwamini, tena sana. Kaka yake, aliyekamatwa kwenye mgomo wa walimu, mpaka leo akisikia mlango hujikunyata. Na aliyemtoa ni mjomba huyu huyu. Siku ya saba alimleta nyumbani kwa gari lake, mama akampigia magoti. "Nimewaomba, dada yangu, mpaka sauti imekauka!"

"Fungua karatasi ya kumi na nne, usome," mwendesha mashtaka alimwambia karani.

"Naomba idhini wagomaji wasimamishwe wima, wamwagiwe maji baridi, wanyimwe usingizi siku tano."

Pembeni palikuwa na maandishi ya kijani, hayana sahihi. Wizara nzima aliyeandika kwa kijani ni mmoja tu. Hata ombi la kununua ufagio alilijibu kwa kijani, na makarani wakambandika jina: Bwana Majani.

"Na hapo pembeni, shahidi."

"Tano hazitoshi. Ziwe saba."

Saba! Siku zile zile alizokaa kaka yake ndani, Jumatatu mpaka Jumapili. Lo, binadamu! Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema; huyu alikuwa nguo yenyewe, na familia nzima wamejifunika miaka yote wakishukuru kwa joto lake.

"Unaujua mwandiko huo?" aliuliza jaji. Wakili wa mjomba alikuwa ameshatamba kwamba bila wa kuutambua, kesi haina miguu.

Mjomba alikohoa. Akamtazama mpwa wake, akatikisa kichwa kidogo tu, kama alivyomkanya utotoni asidokoe nyama jikoni.

Karani alimtazama jaji. "Naujua, mheshimiwa. Ni wa mjomba wangu, yule pale."

Kisha akamgeukia, machozi yanamtoka.

"Mjomba, mama bado anakuombea dua kila asubuhi. Leo nikifika nyumbani nimwambie nini?"