Mwendo wa Chiriku

Vuli ikiingia tu, wateja wangu huanza kuniuliza swali lilelile: tununue nini mwaka huu? Hawaulizii nyimbo za kwenye matangazo ya soda. Hizo zinamfuata mtu mpaka bafuni, hazihitaji duka. Wanaulizia kazi za wanamuziki wanaojitegemea, wale waliorekodi sebuleni kwa mjomba, wakatoa santuri chache kwa jasho lao, wakaniletea zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Mimi nazisikiliza zote. Nzuri zinakaa kwenye rafu ya mbele, dirishani, na kila moja naibandikia kadi yenye maneno yangu mawili matatu. Nyingine zinakwenda rafu ya nyuma, nami nanyamaza.

Wanasema nina ulimi mkali, na hawajakosea. Niliwahi kuandika kwenye kadi: “Gitaa zuri, mwimbaji angepumzika.” Mwimbaji mwenyewe alikuja kunifokea, na kabla hajaondoka alikuwa amenunua santuri ya mwenzake. Kwa hiyo kazi inakwenda.

Nyuma ya duka kuna chumba kidogo chenye dirisha la uani. Humo ndimo anamoshinda mama yangu tangu miguu ilipomgomea. Kati yake na sisi kuna pazia ambalo halijawahi kufungwa, kwa sababu Mama hapitwi na jambo.

Mama alizaa wawili, mimi na kaka yangu. Kaka alikuwa fundi bomba, na alikuwa akiimba akiwa amelala chali chini ya masinki ya watu. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, mpaka wenye nyumba wakawa wanamwongezea kazi ili asiondoke. Ugonjwa ulimchukua ghafla, miaka mingi sasa. Picha zake tunazo tele. Sauti yake hatuna, maana nani humrekodi fundi bomba?

Mwanzo wa vuli hii, nikiwa namfunga Mama kilemba, aliniambia kitu kilichonikata maini.

“Sura yake ninayo,” alisema. “Hata anavyokohoa nakumbuka. Ila sauti imenitoka, mwanangu. Naitafuta kichwani, siipati.”

Kuanzia siku hiyo akawa anagusa chakula na kukisogeza. Niliogopa. Mtu mzima akianza kukataa sahani, huna haja ya kwenda kwa mganga ili ujue anaelekea wapi.

Ndipo ikaja santuri ya Chiriku. Ililetwa na mtu wa vifurushi, nakala kadhaa, na haikuwa na barua wala anwani. Jalada lilikuwa jeupe, lina ndege mdogo aliyechorwa kwa penseli na jina hilo moja tu. Kwenye kibandiko cha katikati alikuwepo ndege yuleyule.

Hapa inabidi nieleze kidogo kazi yetu. Kwa kawaida santuri kubwa huzunguka polepole na ndogo huzunguka haraka. Mashine ina swichi ya mwendo, na baada ya miaka mingi mkono wangu huigeuza wenyewe bila kuniuliza, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Santuri hii ilikuwa kubwa. Mkono ukaweka mwendo wa polepole, nikashusha sindano, nikaendelea kufuta vumbi.

Ikatoka sauti ya mwanaume, nzito, isiyo na haraka na mtu. Gitaa nalo lilikuwa linavuta miguu kama linapanda ngazi na gunia mgongoni. Nikacheka peke yangu. Jitu lenye sauti kama hii linajiita Chiriku! Wasanii nao wana vituko.

Kiti kikaburuzwa nyuma ya pazia.

“Nani huyo?” Mama akauliza.

“Msanii mpya, Mama.”

“Msanii gani! Huyo ni mwanangu.”

Niligeuka, nikamkuta amesimama. Mama yangu, ambaye asubuhi hiyo nilimwinua kitandani mimi mwenyewe, alikuwa ameshika fremu ya mlango, macho yote kwenye spika. Nikasikiliza upya. Ile namna ya kuuburuta mwisho wa neno, kama mtu anayeona uchungu kuliachia, ilikuwa ya kaka. Nilijua si yeye. Wafu hawatoi albamu. Lakini masikio yangu yalikataa kunisikiliza. Tulikaa chini tukalia, mimi na Mama, na mteja mmoja aliyechungulia mlangoni akaona bora arudi baadaye.

Tangu hapo, kila alasiri ilikuwa: “Niwekee.” Akaanza kula. Akataka asukwe nywele. Siku moja aliniona ninavyomtazama, akanikata jicho.

“Usidhani nimerukwa na akili. Najua si yeye. Mungu amemwazima mtu koo lake tu, nami nashukuru.”

Santuri nikaipandisha rafu ya mbele na kadi hii: “Chiriku. Mwanaume mwenye sauti ya kukukalisha chini. Kama unanunua santuri moja tu vuli hii, nunua hii.”

Wa kwanza kununua alikuwa kinyozi wa jirani. Kesho yake akarudi, mkasi bado uko mfukoni, Mama akiwa amesinzia.

“Dada, umeniuzia mwanamke.”

“Mwanamke gani tena?”

“Nimenunua mwanaume, nimefika nyumbani nimeweka, anaimba mwanamke. Mke wangu anauliza, huyu ni nani? Nimjibu nini?”

“Mashine yako ni mbovu.”

“Ni mbovu ndiyo, mwendo wa polepole ulishakufa, inakwenda haraka tu. Lakini huyo binti anaimba, dada! Mke wangu mwenyewe alikuja kulalamika akabaki kucheza. Sirudishi kitu. Nataka tu kujua nani mwongo, mashine yangu au kadi yako.”

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha kicheko kikaniishia. Alipotoka nilihakikisha Mama bado amelala, nikapunguza sauti, nikageuza swichi kwenye mwendo wa haraka. Msichana akaibuka kwenye spika, mwepesi, mchangamfu, anarukaruka juu ya gitaa lake. Maneno niliyoyadhania maombolezo yalikuwa ya kumkejeli mpenzi anayechelewa kila siku na kila siku ana sababu mpya. Alikuwa chiriku kwelikweli. Na mimi, ninayejidai gwiji wa mtaa mzima, nilikuwa nimemsifia mtu asiyekuwepo.

Ningeibadilisha kadi palepale. Lakini kadi ikibadilika watu watauliza, wakiuliza Mama atasikia, na akisikia nitakuwa nimemzika kaka yangu mara ya pili, mbele ya macho yake. Nikarudisha swichi kwenye mwendo wa polepole, nikafunga mdomo wangu.

Siku chache baadaye mvua ilinyesha kutwa. Alasiri Mama alikuwa kwenye kiti chake, santuri inazunguka kwa ule mwendo wake, msichana mmoja akaingia akikung'uta mwavuli. Akaenda moja kwa moja rafu ya mbele. Nilimwona akiliona lile jalada jeupe na uso wake mzima ukicheka. Akasoma kadi. Kisha akainua kichwa kusikiliza, na ule uchangamfu ukamtoka taratibu.

“Anayeimba hapa ni nani?”

“Chiriku,” nikasema. “Si umesoma kadi?”

“Chiriku ni mimi.”

Aligeuka, nami nikaliona paji la uso. Paji lile nalijua, nimelala nalo chumba kimoja utoto wangu wote. Alikuwa binti wa kaka yangu. Mara ya mwisho nilimwona mazikoni akiwa na sare ya shule, kabla mama yake hajamchukua wakahamia mbali.

“Shangazi,” akasema. “Mbona mnaicheza vibaya?”

“Santuri kubwa huzunguka polepole, mwanangu.”

“Yangu nimeitoa kwa mwendo wa haraka, sauti itoke safi. Nimeandika, tazama. Chini ya mguu wa ndege.”

Nikavaa miwani. Kweli palikuwa na tarakimu ndogo. Nilikuwa nimezidhania kucha.

“Kwa nini hukuniambia ni wewe?”

“Sikutaka kubebwa. Nilitaka useme ni nzuri bila kujua kwamba ni damu yako.” Akafuta macho kwa kiganja. “Kule kwa mama kila nikifungua mdomo naambiwa, huyo baba yake anaimba. Nampenda baba, Shangazi, lakini nikasema nitoe kitu kimoja ambacho ni mimi. Nimesafiri mpaka hapa kuona kama nimepata rafu ya mbele. Nakuta yupo yeye.”

Nikamwambia ukweli mmoja niliokuwa nao.

“Kuna kinyozi hapo jirani. Si ndugu yako, na mashine yake inajua mwendo wa haraka tu. Nilimwuzia mwanaume, akakupata wewe, na amekataa kukurudisha.”

Akacheka na huku analia. Nikaunyoosha mkono kwenye swichi.

“Usiguse!” Mama alisema kwa ukali kutoka nyuma ya pazia.

Alikuwa amesikia yote. Binti akaniangalia, nikampa ishara aende, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti.

“Ni mimi, Bibi.”

Mama alimpapasa uso, akashuka mpaka kooni, akaweka vidole hapo kana kwamba anatafuta mahali panapouma.

“Kumbe ndilo hili,” alisema.

“Bibi, iache hivyohivyo,” binti akasema. Alikuwa anajikaza, na kila neno nililiona lilivyomgharimu. “Kama ndivyo unavyoipenda, iache. Mimi sina neno.”

Tulibaki hivyo, sisi watatu, mpaka kaka yangu akamaliza wimbo wake, akauburuta mwisho wa neno la mwisho, na sindano ikabaki inakwaruza.

“Huyu nimeshamsikia,” Mama akasema. “Nilimzaa, nikamlea, nikamzika. Sauti yake nimeipata, haitanitoka tena.” Akanigeukia. “Sasa niwekee huyu kwa mwendo wake.”

Niligeuza swichi, nikarudisha sindano mwanzo. Msichana akatoka mbio kwenye spika na kejeli zake zote. Mama aliinamisha kichwa na kukunja uso, asitabasamu hata pale wanapotabasamu wote. Wimbo ukaisha.

“Huyu simjui,” Mama akasema.

Binti akatazama chini. Mama akamshika kifundo cha mkono, akakivuta mpaka mapajani mwake, akakishikilia.

“Rudia mwanzo,” akaniambia. “Nataka nimjue.”